Kuhusu ile habari ya kisima

Mama Neema mpendwa,

Salamu kutoka Nkuhungu. Sisi wazima, ila vumbi la msimu huu linatukohoza. Umeniuliza kama uiandike habari ya fedha za pampu ya kisima chenu huko Mpwapwa bila kutaja jina lako. Swali hilo limeninyima usingizi.

Unaikumbuka ile karatasi ya daftari iliyobandikwa mlangoni pa kikoba chetu? Herufi kubwa, kalamu ya bluu: MWEKA HAZINA ANAKULA HELA ZENU. Mweka hazina nilikuwa mimi. Sanduku la kufuli tatu likafunguliwa mbele ya wote, haikupungua hata shilingi. Lakini wapo wawili ambao mpaka leo hawaniombi hata chumvi. Sheria ya kashfa ilikuwa upande wangu; wa kumshtaki ndiye sikumjua.

Na bado nakuambia, lifiche jina. Hapa Dodoma mbunge akisema jambo ndani ya Bunge, Ibara ya 100 ya Katiba inamkinga, hashtakiwi kwa maneno hayo. Wewe unayo Ibara ya 18, uhuru wa maoni, lakini shamba lako la karanga limepakana na la mwenyekiti unayemtuhumu, na dukani kwa ndugu yake ndiko unakokopa sukari. Ukimya wa jina ndio ukuta wako pekee.

Ila usiandike "mwizi". Andika bei iliyosomwa mkutanoni na bei iliyo kwenye risiti, basi. Ukishtakiwa kwa kashfa, ukweli ndiyo ngao yako, na mwenye kuuthibitisha ni wewe.

Wala usiirushe kwenye simu. Laini yako imesajiliwa kwa alama za vidole, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa taarifa ya uongo, inaanzia faini ya milioni 5 au kifungo cha miaka 3. Ukikosea tarakimu moja tu, watadai umedanganya makusudi.

Ipeleke TAKUKURU, ile ofisi ya kupambana na rushwa, kwa mkono. Ipo sheria ya mwaka huo huo ya kuwalinda watoa taarifa, inayotaka jina lako litunzwe siri. Afisa akujue, kijiji kisikujue. Yule wa kalamu ya bluu aliyenituhumu mimi hakuna aliyemuuliza ushahidi. Wewe utaulizwa, na unao.

Nakuja Jumamosi kwa basi la kwanza, twende wote. Risiti zitoe kopi mbili, moja nitarudi nayo huku.

Wako,
Mama Baraka