Risala ya Klabu ya Midahalo kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni, na karibuni sana.

Tunakushukuru kwa kuvumilia foleni ya Barabara ya Morogoro hadi kutufikia. Tumeambiwa nawe ulikalia madawati ya shule hii, kwa hiyo habari za bati la ukumbi huu na mvua za masika hatutakusimulia. Unazijua.

Klabu yetu hukutana kila Ijumaa saa tisa alasiri. Mwaka huu tumefanya midahalo tisa. Minane ilikuwa ya kawaida: simu shuleni, viboko, sare, na kadhalika. Wa tisa ndio uliofanya risala hii izidi kurasa tulizoagizwa. Mada ilisema: "Uingereza ilifanya sawa kujitoa Umoja wa Ulaya."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, wapo waliouliza ya Ulaya yanatuhusu nini sisi wa Dar es Salaam. Mwalimu mlezi akawajibu, jadilini kwanza, mtaniambia baadaye.

Watetezi wa mada walijipanga vizuri. Walieleza kwamba Uingereza ilijiunga tarehe 1 Januari 1973, na mwaka 1975 wananchi walipoulizwa, asilimia 67 wakataka kubaki. Ila walichokikubali wakati ule, wakasema, kilikuwa soko. Baadaye soko likawa na bunge, mahakama, na sheria zenye nguvu kuliko za Bunge lao wenyewe. Wapinzani wakaja na biashara, na vijana wanaosoma na kufanya kazi nchi jirani, na Scotland ambako asilimia 62 walitaka kubaki lakini wakatolewa pamoja na wengine.

Mjadala ulichemka zaidi pale mpinzani wa pili alipolitaja basi jekundu la kampeni ya kutoka, lililozunguka nchi nzima na maandishi kwamba Uingereza inapeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki. Kiasi hicho hakikuondoa fedha zilizokuwa zikirudishwa, na mamlaka yao ya takwimu ililisema hilo waziwazi. "Taarifa, Mheshimiwa Mwenyekiti!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Sisi wapanda daladala, tangu lini tukaamini kilichoandikwa kwenye basi?" Ilichukua dakika nzima ukumbi kutulia.

Kule, tarehe 23 Juni 2016, waliotaka kutoka walipata asilimia 51.9 na waliotaka kubaki 48.1. Huku kwetu watetezi walishinda kwa kura tatu. Meza zikapigwa, watu wakaanza kukusanya mabegi.

Ndipo mtunza muda, binti wa kidato cha pili ambaye kwa kanuni zetu haruhusiwi kuchangia, akanyoosha mkono huku kengele bado iko mkononi. Akauliza: "Sawa, tumeshatoka. Kesho asubuhi lori lililoko mpakani linapita au halipiti?"

Hakuna msemaji aliyemjibu, si mtetezi wala mpinzani.

Tulipofuatilia tukakuta Waingereza nao walikwama hapo hapo. Karatasi ya kura iliuliza kubaki au kutoka. Kutoka vipi, haikuuliza. Waziri Mkuu Cameron alitangaza kujiuzulu asubuhi ya matokeo. Bi. Theresa May, aliyemrithi, akapeleka barua ya kujitoa tarehe 29 Machi 2017, akapewa miaka miwili ya mazungumzo, na aliporudi na makubaliano Bunge likayakataa mara tatu. Ya kwanza, Januari 2019, kura zilikuwa 432 kwa 202. Kikwazo kikubwa kilikuwa lori lile lile la mtunza muda, kwenye mpaka wa Ireland Kaskazini, iliyo sehemu ya Uingereza, na Jamhuri ya Ireland, iliyobaki Umoja wa Ulaya, mpaka ambao watu wa pande zote mbili hawakutaka kuona tena vizuizi juu yake. Walitoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, chini ya Waziri Mkuu Boris Johnson.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya hapo tulipewa kazi ya nyumbani: kawaulizeni wazee. Mwenzetu mmoja alirudi na kitambulisho cha babu yake, aliyekuwa karani wa reli ya Afrika Mashariki. Karatasi imegeuka rangi ya chai, picha imefifia kimebaki kidevu na tai. Babu alimwambia mwaka 1977 hakuna aliyepigishwa kura. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1967 ilivunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Makubaliano ya kugawana mali na madeni yalitiwa saini mwaka 1984, baada ya msuluhishi kutoka Uswisi, Dakta Victor Umbricht, kuhangaika nayo kwa miaka. Wastaafu waliendelea kudai mafao yao muda mrefu baada ya hapo.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Tunadhani ndiyo sababu mkataba wa Jumuiya mpya, uliosainiwa Arusha mwaka 1999, umeufanya mlango wa kutokea kuwa mwembamba: theluthi mbili ya wabunge wote wa nchi husika, na taarifa ya maandishi ya miezi 12. Na Novemba 2013, majirani walipokuwa wakikutana bila sisi na mitaani watu wakisema tutoke, Rais Kikwete alilieleza Bunge kwamba Tanzania haitoki.

Klabu haina msimamo mmoja kuhusu Uingereza. Tukipiga kura leo huenda matokeo yakageuka. Ila tumebadili kanuni. Sasa kila upande, kabla ya kura, hupewa dakika mbili kujibu "swali la kesho asubuhi". Mtunza muda naye ameruhusiwa kuchangia.

Changamoto zetu ni chache lakini zinauma. Spika ni moja na hukoroma kuliko msemaji. Mkataba wa Jumuiya tunao nakala moja, ya Kiingereza, ya kuazima, na kurasa za mwisho hazipo. Tunaomba utusaidie kupata spika na nakala za Kiswahili. Tunaomba pia nauli ya wanachama kwenda Arusha, walione Bunge la Afrika Mashariki likiwa kwenye kikao.

Ombi la mwisho halina gharama. Muhula ujao mada yetu ni kujitoa kwa Tanzania katika COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, wakati Kenya na Uganda zikibaki. Tunakuomba uje uwe jaji. Kiti cha mbele, upande usiovuja, tumeshakutengea.

Tunaomba kuwasilisha.