Kabla ya kununua bodi, uliza volti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaojifunza elektroniki nyumbani. Wakiuliza wanunue Arduino Uno au ESP32, yaani bodi ndogo za kompyuta za kuendeshea sensa na vifaa, huambiwa wachukue ESP32: ina Wi-Fi, ina kasi, bei nafuu. Ni kweli, ila volti haikutajwa.

Tuseme unataka kupima maji ya tangi kwa sensa ya HC-SR04, inayopima umbali kwa mwangwi wa sauti. Hiyo hula volti 5, na pini yake ya Echo, inayopeleka jibu kwenye bodi, hurudisha volti 5. Uno huzipokea bila kinyongo. ESP32 ni ya volti 3.3, ukiunga moja kwa moja yaweza kwenda wiki nzima, kisha pini ikafa kimyakimya, nawe ukailaumu programu. Dawa ni rezista mbili: ya kilo-omu 1 kutoka Echo hadi pini, na ya kilo-omu 2 kutoka pini hiyohiyo hadi graundi. Tena HC-SR04 haivumilii mvuke wa tangi. JSN-SR04T haiingii maji, lakini kitu kilicho karibu chini ya sentimita 20 hivi haikisomi, kwa hiyo ifungwe juu ya maji kwa zaidi ya kiasi hicho, hata tangi likijaa.

Usumbufu mwingine ni ESP32 kujizima na kujiwasha kila Wi-Fi inapoanza. Watu hufuta msimbo wote bure. Redio ya Wi-Fi huvuta mamia ya miliampea kwa mkupuo, kebo nyembamba ikashusha volti. Tumia kebo fupi nene, na kapasita ya maikrofaradi 470 kati ya pini ya 5V na graundi. Angalia upande wa hasi usiugeuze. Sensa za analogi ziunge pini 32 hadi 35, maana zile za ADC2 (kundi la pili la pini za kusoma analogi) hazisomeki Wi-Fi ikiwa hewani.

Kwa maoni yangu, asiyehitaji Wi-Fi aanze na Uno. Arduino IDE, programu ya kuandikia msimbo wa bodi, ni huria, na bodi zote mbili huandikiwa humohumo. Anayetaka MicroPython, yaani lugha ya Python ya bodi ndogo, asahau Uno R3, kwani RAM yake ni KB 2 tu. Achukue ESP32 au Raspberry Pi Pico, nayo pia ni ya volti 3.3.

Kompyuta isipoiona bodi, badilisha kebo kwanza. Nyingi zina nyaya za chaji tu. Ikikataa bado, tazama chipu iliyo karibu na tundu la USB. Ikiandikwa CH340, weka kwenye kompyuta draiva yake, yaani programu ya kuitambua chipu hiyo.

Msomaji wako,
Morogoro