YAH: MALALAMIKO KUHUSU MODELI YA DUNIA NA KIJITABU CHAKE

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu wa jiografia, na nilinunua modeli yenu ya Dunia, ile ya plastiki inayofunguka ubavuni. Hii ni barua ya pili. Jibu la kwanza, kwamba modeli ni "ya kuelewesha tu", halikunielewesha kitu.

Kosa kubwa liko ukurasa wa 7 wa kijitabu. Mmeandika kwamba kiini cha ndani ni kigumu "kwa kuwa kimepoa kuliko kiini cha nje", mkakipa nyuzi 1,200. Mwanafunzi akanyoosha mkono: "Mwalimu, si ulisema kadiri tunavyoshuka ndivyo joto linavyozidi?" Nilisema, na ni kweli. Hapo nimesimama mbele ya darasa, nimeshika modeli inayonikana.

Kiini cha ndani ndicho chenye joto kali kuliko tabaka zote. Pale kinapopakana na kiini cha nje, joto hukadiriwa kuwa kati ya nyuzi 5,000 na 6,000 za Selsiasi, karibu sawa na uso wa Jua. Huku juu chuma huyeyuka kwa nyuzi 1,538. Kule hakiyeyuki kwa sababu kinakandamizwa zaidi ya mara milioni 3 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta; atomi zimebanana hata hazina pa kupishana. Kwenye kiini cha nje mgandamizo umepungua, joto likashinda, na chuma na nikeli vikawa kimiminika. Mwendo wa kimiminika hicho ndio unaoipa Dunia usumaku wake, jambo ambalo kijitabu hakikuligusa kabisa.

Halafu mnadai joto hilo "lilipimwa kwa kuchimba". Na nani? Shimo la Kola huko Urusi, lililozama kuliko yote, liliishia mita 12,262. Kiini kinaanzia takriban kilomita 2,890. Inge Lehmann wa Denmark alitambua kiini cha ndani mwaka 1936 kwa kusoma mawimbi ya matetemeko ya ardhi, bila sururu wala keekee.

Nilichukua rula pia. Modeli ina kipenyo cha sentimita 30, na kiini kizima mmekipa nusukipenyo cha sentimita 3. Kilistahili 8 na ushee. Hizo 3 ni za kiini cha ndani peke yake. Ganda mmelinenepesha kama kidole, lakini hilo nalisamehe, maana kwa kipimo halisi lingevunjika siku ya kwanza.

Naomba ukurasa wa 7 uliosahihishwa na kiini chenye vipimo sahihi, au mnirudishie fedha. Risiti na picha nimeambatisha. Kwa sasa nimebandika karatasi juu ya maelezo yenu, na wanafunzi wameshaanza kuibandua pembeni waone mwalimu anaficha nini.

Wenu,
Mwalimu wa jiografia