Barua ya Malalamiko Kuhusu Vumbi Bandia la Jukwaani Lililouzwa kwa Jina la "Salama"

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU UNGA WA VUMBI BANDIA MLIOTUUZIA

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msimamizi wa vifaa vya jukwaani katika kundi la maigizo ambalo limekuwa likinunua bidhaa zenu kwa misimu minne. Ninawaandikia kuhusu ndoo mbili za unga wa vumbi bandia, ambazo niliziagiza baada ya kuwaeleza kwa maandishi kazi tuliyokusudia kuufanyia. Katika tendo la pili la mchezo wetu nyumba inabomoka, na mwongozaji alitaka wingu la vumbi litande jukwaani kwa muda wa dakika moja hivi, huku waigizaji sita wakijitokeza kutoka ndani yake. Nilieleza wazi kwamba unga ungechekechwa kutoka juu na kupeperushwa kwa feni, na kwamba taa zetu nyingi bado ni zile za balbu zinazopata moto sana. Mlinijibu kwamba mnacho hasa kitu ninachokitafuta.

Nilikuwa natafuta mbadala kwa sababu vitu vinavyotoa vumbi la kweli la kifusi havifai kuvutwa na mtu yeyote. Saruji ikikutana na unyevu wa macho au koo huunguza, na vumbi la mawe na mchanga huwa na silika, ambayo chembe zake ndogo zikivutwa mara kwa mara huleta makovu ya mapafu yasiyopona. Mwigizaji anayerudia onyesho moja jioni baada ya jioni si mpita njia aliyepigwa na vumbi mara moja. Hayo yote niliyaandika katika barua yangu ya kwanza, nikiamini kwamba anayeuza vifaa vya jukwaani angeyaelewa kuliko mimi.

Ndoo zilifika zikiwa na kibandiko chenye maneno machache: vumbi salama la jukwaani, asili ya mimea, halina sumu. Hapakuwa na orodha ya viambato wala karatasi ya taarifa za usalama, ile yenye vipengele 16 ambayo wauzaji wa rangi, gundi na maji ya mashine za moshi hutupatia bila hata kuombwa. Ninakiri kwamba hapo ndipo nilipopaswa kusimama na kuuliza, na sikusimama. Nililiamini neno "salama" kwa sababu lilitoka kwenu.

Katika mazoezi ya kwanza kwa kutumia unga huo, mwigizaji mmoja mwenye pumu alianza kubanwa na kifua kabla ya tukio kufika katikati, ikabidi atolewe nje na kupewa dawa yake ya kuvuta. Wakati tunamhudumia, fundi wetu wa taa alipanda ngazi, akaona unga umetanda juu ya taa za mbele na umeanza kubadilika rangi kuwa kahawia. Alizima taa zote papo hapo na kukataa kuziwasha tena mpaka kila moja isafishwe. Ninamshukuru kwa uamuzi huo, maana hakuna mwingine kati yetu aliyekuwa ameangalia juu.

Nilipowapigia simu kuuliza unga huo umetengenezwa kwa nini, niliambiwa ni wanga wa mahindi uliochanganywa na unga wa ngano na rangi kidogo, na kwamba hatuna sababu ya kuhofu kwa kuwa mtu anaweza hata kuula. Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike barua hii. Kitu kinacholiwa bila madhara hakiwi salama kukipeperusha hewani kwa sababu hiyo tu. Unga wa ngano umo katika vyakula vya kila siku, lakini waokaji mikate wanaouvuta kazini kwa miaka hupata pumu inayotokana nao. Wanga nao ukiwa umelala ndani ya ndoo hauwaki kwa urahisi, kwa kuwa hewa huufikia kwa juu tu. Ukitawanywa, kila chembe huzungukwa na hewa, na cheche moja au kitu chenye joto la kutosha kinaweza kuwasha wingu zima kwa mkupuo mmoja.

Jambo hilo limeshaua watu. Tarehe 27 Juni 2015, katika bustani ya michezo ya maji ya Formosa Fun Coast karibu na Taipei, Taiwan, unga wa rangi uliotengenezwa kwa wanga wa mahindi ulirushwa juu ya umati uliokuwa ukicheza muziki, na unga huo ukashika moto. Watu 15 walikufa na mamia wakaungua, wengi wao vijana. Kiambato kikuu cha unga ule ndicho kilichomo ndani ya ndoo zenu, na tuliambiwa tuupeperushe chini ya taa za moto.

Ninaona uchungu zaidi kwa sababu kazi yetu imeshawahi kuumizwa na maneno ya namna hii. Ukumbi wa Iroquois wa Chicago ulitangazwa kuwa hauwezi kabisa kushika moto. Tarehe 30 Desemba 1903 taa ya jukwaani iliwasha pazia, na zaidi ya watu 600 wakafa. Katika miaka ya 1930 asbesto, madini yenye nyuzi laini, iliuzwa kama theluji bandia, ikisifiwa kwamba haishiki moto, tofauti na pamba. Sifa hiyo ilikuwa ya kweli, lakini nyuzi zake ziliingia mapafuni mwa watu. Mbadala hupimwa kwa yale utakayofanyiwa jukwaani: kama utavutwa, utakanyagwa, utapashwa joto au utaanguka karibu na waya wa umeme. Anayepima jambo moja tu huondoa hatari aliyoijua na kuleta nyingine asiyoijua.

Sisi tumeliacha wingu la unga kabisa. Kifusi tumekitengeneza kwa karatasi iliyolowekwa na kufinyangwa, kikapakwa dawa ya kuzuia moto, na kipande kimoja kikajaribiwa kwa moto nje ya ukumbi kabla ya kuingizwa ndani. Maleba yamepakwa rangi ya kijivu inayokauka na isiyopukutika. Wingu lenyewe sasa ni ukungu wa maji unaopigwa na mwanga wa kahawia kutoka pembeni, na mwongozaji, ambaye mwanzoni alinung'unika kwamba unatoweka haraka mno, amepunguza tukio hadi sekunde 20. Kazi hiyo ilitugharimu siku tisa za mazoezi.

Ninaomba turejeshewe fedha zote tulizolipa, lakini hilo si kubwa kwangu. Kubwa ni kwamba muwaandikie wateja wote walionunua unga huu, mkiwaambia umetengenezwa kwa nini na kwamba usirushwe hewani wala kutumiwa karibu na taa za moto au miali ya moto, kwa sababu kuna makundi, na hata shule, yasiyo na fundi wa taa wa kupanda ngazi. Ninaomba pia muusimamishe kuuzwa hadi kibandiko kirekebishwe na karatasi ya taarifa za usalama ipatikane. Ninatarajia jibu la maandishi ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Nisipolipata nitalipeleka suala hili kwa mamlaka zinazosimamia usalama kazini na haki za walaji.

Ndoo zote mbili zipo stoo kwetu, mbali na taa, zimefungwa kwa utepe wa gundi. Ya pili haijafunguliwa. Mnaweza kuja kuzichukua siku yoyote ya kazi.

Wako mwaminifu,

Msimamizi wa Vifaa vya Jukwaani