Neema sio mkaidi

Dada shikamoo,

Voisi yako nimeisikiliza usiku nikitoka kazini, usingizi ukakata. Hela ya vipimo natuma mwisho wa mwezi, hilo usiwaze. Kinachoniuma ni Baba Mdogo kumchapa Neema eti anaitwa anajifanya hasikii. Mtoto ana sukari tangu yuko mdogo, anachomwa insulini kila siku ya Mungu wala halii, leo ndo aitwe mkaidi?

Nisikilize dada maana hii ndo kazi yangu sasa. Cheti kimetoka, nimefaulu vizuri tu, nawapima watoto masikio na madaktari wananiuliza mimi nimeona nini. Mfikishie Baba Mdogo na hiyo, yeye si alisema nimekuja huku kupoteza muda.

Iko hivi, sukari ikikaa juu muda mrefu inaharibu vimishipa vidogo vya damu pamoja na neva, ndo maana kliniki wanawasisitizia macho na figo. Sikio la ndani nalo linategemea vimishipa hivyohivyo, vyembamba kweli, na vile vinyweleo vinavyonasa sauti vikishakufa havioti tena. Mara nyingi zinaanza kupotea zile sauti nyembamba, kama hezi 4000 kwenda juu (hezi ndo kipimo cha wembamba wa sauti). Juzi nilikuwa na kijana wa sukari kwenye mashine, sauti nene anabonyeza kitufe papo hapo, nikapandisha kwenye nyembamba akatulia, anaangalia ukuta anasubiri, kumbe mimi sauti nimeshaitoa na kuirudia. Mtoto wa hivyo ukimwita anasikia umeita, ila s, f na sh zinamponyoka, na darasani penye kelele ndo kabisa, watu wanaona dharau.

Sisemi Neema ndo amefika huko. Inaweza kuwa nta tu, au maji nyuma ya ngoma ya sikio, watoto wengi huwa ni hayo na yanatibika. Na sukari ikishuka mtoto anazubaa, unamwita haitiki, kwa hiyo kabla hamjafoka mpimeni sukari kidoleni kwanza!! Hili naomba alisikie kila mtu hapo nyumbani.

Mpeleke wamchungulie sikio halafu apimwe kwa mashine mpaka hezi 8000, karatasi ipige picha unitumie hapohapo. Na ile HbA1c ya mwisho, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, ilisoma ngapi, mbona hukunitajia? Watoto wengi wanatakiwa wawe chini ya asilimia 7. Macho yake je, anaona ubaoni? Kama na macho yanafifia usisubiri, mwambie daktari, kuna ugonjwa wa kurithi, wa nadra, unaanza na sukari ukafuata macho na masikio.

Mimi mzima, baridi nimeizoea. Ila nilivyomsikia nyuma ya voisi yako anauliza "umesema nini mama?" nililia dada, natamani ningekuwa hapo nimpime kwa mkono wangu.

Mwalimu amkalishe mbele. Baba Mdogo asimguse tena, Jumapili nampigia mwenyewe.

Mdogo wako