Meza za Krismasi wapewe waliotengeneza

Mhariri,

Msimu wa maonyesho ya kazi za mikono ya Krismasi umewadia, nami nina ombi kwa waandaaji: meza wapewe waliotengeneza bidhaa wenyewe. Mchuuzi aliyenunua mapambo ya kiwandani kwa jumla hulipia meza ileile, kisha huuza kwa bei ambayo mfinyanzi hawezi kuifikia hata akijinyima. Chombo cha udongo hufinyangwa, hukaushwa polepole kisipasuke, huchomwa, hupakwa rangi ya kung'aa, kisha hurudishwa tanuruni. Asiyelijua hilo ataona ughali tu.

Soko la Krismasi la Dresden, Ujerumani, lipo tangu 1434, na wachongaji wa mbao bado wana vibanda vyao humo. Sisemi tuige kila kitu, ila waandaaji waulize kabla ya kupokea ada: hiki umekitengeneza wewe? Waombe na picha za karakana, na jibu likiwa la kubabaisha, meza apewe mwingine.

Nasi wanunuzi, tafadhali, tusipige picha kazi ya msanii ili tukamtafutie mwigaji wa bei nafuu. Huo ni wizi, hata ukifanywa kwa tabasamu.

Msomaji wako,
Mpenzi wa kazi za mikono