Barua ya wazi kwa shangazi anayesuka ukili

Shangazi, shikamoo.

Siku ile barazani uliniuliza fizikia yangu inatafuta nini, nami nikakujibu ovyo kwa haraka ya kuwahi basi, ilhali jibu ulikuwa umelipakata. Sisimizi anayetembea juu ya ukili ambao haujashonwa ana njia moja tu, mbele na nyuma; ukishaushona, anapata uwanja. Baadhi yetu tunashuku kwamba nafasi na wakati navyo vimeungwa hivyo, kutokana na vipande vya kiasi cha mita 10⁻³⁵, ambako sheria za kwanta, zile za vitu vidogo kabisa, haziruhusu kitu kutulia.

Kinachotuumiza kichwa ni kujua vipande hivyo vinavuka kizingiti gani hata viwe mkeka. Katika miaka ya 1990 watafiti waliviunga ndani ya kompyuta kama pembetatu za dimensheni nne, yaani zenye njia nne za kusogea badala ya ile moja ya ukili, bila kujali kipi kinatangulia kipi. Walipata ama donge lililojikunja, ama kitu chenye matawi matawi kisicho na upana. Na kutoka hali moja hadi nyingine ulikuwa mruko wa ghafla, pasipo ulimwengu wowote katikati. Mwaka 2004 wanafizikia Jan Ambjørn, Jerzy Jurkiewicz na Renate Loll walichapisha matokeo ya kuongeza sharti moja, kwamba vipande vipangwe tabaka kwa tabaka kufuata wakati. Donge na matawi bado vipo ukizigeuza namba zinazotawala uvutano na uwiano wa vipande, lakini kati yake ilijitokeza hali ya tatu: ulimwengu mpana wa dimensheni nne. Mwaka uliofuata walimwachia humo mtembezi asiye na dira, wakaona kwamba akienda mbali anakuta dimensheni takriban nne, na kwa karibu sana mbili hivi. Sisimizi wako huyo!

Sasa wanavitafuta vizingiti ambavyo badiliko lake halina mruko, kwa sababu hapo tu ndipo wanapotarajia kuvipunguza vipande hadi visibakize alama ya mshono. Mwaka 2011 walitangaza kwamba mpaka mmojawapo una sifa hiyo. Mimi hilo linanifurahisha, ila sijaridhika. Upana ulijitokeza wenyewe, kweli, lakini mfuatano wa wakati waliutia kwa mkono, kama wewe unavyoanza ukili ukiwa umekwisha kuamua upande upi ndio mwanzo.